Fundi Aliyefunga Injini ya Redio Kwenye Baiskeli: Maisha ya Soichiro Honda, Kwa Wewe Unayeunda Pikipiki Ndogo Kinango

Kama uko Kinango, hebu zunguka nyuma ya nyumba uangalie ile pampu ya maji iliyolala pale tangu mvua ya mwaka jana. Kamba ya kuwashia imekatika, tanki limeota kutu, kuku wamelala juu yake. Wazee wanaona skrapu. Wewe unaona pikipiki ndogo: mabomba yaliyochomelewa, magurudumu mawili ya wilbaro, kiti cha godoro kuukuu, halafu wewe mwenyewe unapita sokoni na watoto wanakufuata mbio wakipiga kelele.

Shida ni doo. Mfuko umetoboka, fundi wa kuchomelea anataka hela kwanza, na mtaani washaanza kukucheka.

Tulia kwanza. Kuna msee alikuwa pabaya kukuliko. Kiwanda chake kilikuwa kimepigwa mabomu, kingine kikaangushwa na tetemeko, nchi yake ilikuwa imeshindwa vita na petroli inauzwa kwa mgao. Akaokota injini ndogo ya jeshi, akaifunga kwenye baiskeli. Jina lake huenda ndilo limeandikwa kwenye hiyo pampu yako: Honda. Hebu leo tukupe maisha yake, na ukisoma weka macho yako kwenye hiyo injini yako.

Mtoto wa mhunzi

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi. Baadaye akaongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Pesa haikuwa nyingi, lakini vyuma vilikuwa tele, na mtoi alikua akicheza na nyundo na spana kama wengine wanavyocheza na mpira wa makaratasi.

Shuleni hakuwa mtu wa vitabu. Enzi hizo ripoti ya shule ilipelekwa nyumbani ipigwe mhuri wa familia. Soichiro akaona shida ya nini, akachonga mhuri wake mwenyewe kwa mpira wa pedali ya baiskeli. Ukakubali. Wenzake wakamwomba awachongee wa kwao pia, na hapo ndipo akashikwa. Jina la Honda kwa maandishi ya Kijapani linasomeka sawa hata likigeuzwa kama kwenye kioo. Majina ya wenzake yalitoka kinyumenyume. Alipata kichapo chake, lakini pia akajifunza kwamba kitu kinachokubali kwako si lazima kikubali kwa mwingine. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mwaka 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alikuja Hamamatsu kuonyesha ndege. Soichiro alikuwa na miaka 10. Akachukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa na kukanyaga kama kilomita 20. Baiskeli ilikuwa kubwa, miguu haifiki, basi akapitisha mguu mmoja katikati ya fremu na kukanyaga akiwa amejikunja upande. Wewe uliyekulia Kinango unajua vizuri huo mtindo, hakuna haja ya kukueleza. Kufika pale, pesa ya kiingilio haikutosha. Akapanda juu ya mti wa msonobari na kutazama ndege kutoka huko. Baba alikasirika sana aliporudi, lakini aliposikia mtoto kweli ameiona ndege ikiruka, hasira ikapoa akataka kusikia habari zaidi.

Tokyo: kwanza akapewa mtoto abebe

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alienda Tokyo kufanya kazi kwenye gereji iitwayo Art Shokai, ya bwana Yuzo Sakakibara. Alifikiri atashika injini siku ya kwanza. Wapi! Alipewa ufagio, na mtoto wa bosi wa kubeba mgongoni. Kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kupangusa sakafu na kulea. Alifikiria kutoroka, lakini aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu ikamzuia. Akawa anawaangalia mafundi wakifungua injini huku mtoto akimlowesha shati.

Kama sasa hivi uko kwa fundi pale stendi na kazi yako ni kuosha spea kwa petroli na kutumwa chai, usidhani unapoteza wakati. Kuangalia ni nusu ya kazi.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa lilipiga Tokyo, moto ukala mji. Gereji ikaungua. Siku hiyo Honda aliendesha gari kwa mara ya kwanza maishani mwake, akilitoa lisiteketee. Mafundi wengi walirudi makwao. Yeye akabaki, na wakaanza kufufua magari yaliyoungua. Magurudumu ya magari wakati huo yalikuwa na njiti za mbao, na mbao zote zilikuwa majivu. Miaka michache baadaye aliunda njiti za chuma na kuzipatia hataza. Ona kilichotokea hapo: wazo lake la kwanza la maana lilitoka kwenye magari ambayo wengine walishayaona takataka.

Bosi wake alipenda mbio za magari, na mwaka 1924 waliunda gari la mashindano kwa kuchukua injini ya ndege aina ya Curtiss na kuipandisha kwenye fremu ya gari la Kimarekani. Gari la kuungaunga kabisa. Novemba mwaka huo lilishinda, na kijana Honda alikuwa ndani kama fundi msaidizi. Mwaka 1928, akiwa na miaka 21, alirudi Hamamatsu na kufungua tawi la gereji hiyo chini ya jina la bosi wake.

Siku breki ilipokuwa muhimu kuliko injini

Hapa tunakuomba usiruke mistari, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wa pikipiki za kuunda huumia.

Mwezi Juni 1936, Honda aliingia mbio kwenye uwanja wa Tamagawa na gari alilounda mwenyewe, lenye injini ya Ford. Kando yake alikuwa mdogo wake, Benjiro. Gari lilikuwa na kasi ya ajabu. Gari jingine likaingia njiani mbele yao, wakaligonga na kurushwa. Honda aliumia usoni na mkononi. Benjiro alivunjika uti wa mgongo. Wote walipona, lakini siku za mbio za Honda kama dereva zilikuwa zinaisha. Mkewe, Sachi, aliyekuwa ameolewa naye mwaka uliotangulia, alikuwa na maneno yake kuhusu jambo hilo.

Sasa angalia mchoro wako. Injini ya pampu ya kawaida imepangwa kuzunguka kama mara 3,600 kwa dakika bila kubadilika. Ina kizuizi ndani cha kuilinda isipitilize. Vijana wengine hukitoa ili pikipiki iende kasi. Usikitoe. Na gurudumu la wilbaro halikuundwa na breki. Lilitengenezwa kubeba mchanga polepole. Ukilitumia, tafuta namna ya kufunga breki ya kweli kwenye gurudumu la nyuma kabla ya kuwasha injini hata mara moja. Kiatu chako si breki. Kwenye bajeti ndogo, pesa ya kwanza iende kwa breki. Rangi inaweza kungoja hata mwaka.

Ringi 50, zilizopita ni 3

Baada ya hapo Honda akataka kutengeneza ringi za pistoni. Alidhani ni kazi rahisi: chuma cha duara, basi. Ringi zikawa zinavunjika ama hazinyumbuki. Alilala karakana, nywele zikamwota, akiba ikaisha. Mwishowe alimwendea mwalimu wa chuo cha ufundi, akapima ringi na kumwambia chuma chake kina upungufu wa silikoni. Honda hakuwa hata amejua kwamba silikoni inahitajika.

Msee aliyekuwa bosi wa gereji, na miaka 30 kichwani, akarudi darasani kukaa na vijana. Aliandika yale tu yaliyohusu ringi na hakufanya mitihani, hata chuo kikamfukuza. Lakini alichokuwa anatafuta alikipata. Safari haikuwa ya mteremko: alipopeleka ringi 50 kwa Toyota zikaguliwe, 3 tu ndizo zilizopita. Alirudi kazini mpaka zikakubalika, na kampuni yake ya Tokai Seiki ikawa inauzia Toyota.

Halafu vita ikaja. Mwaka 1944 ndege za Marekani zikapiga kiwanda chake kimoja. Januari 1945 tetemeko likaangusha kingine. Honda akauza mabaki yote kwa Toyota kwa yen 450,000, akatangaza kwamba anapumzika mwaka mzima. Alikunywa na marafiki na kukaa bila kazi maalum. Kijiji kikadhani jamaa ameisha.

Kitu kilichookotwa

Mwaka 1946 Japani ilikuwa magofu. Treni zilijaa hadi watu wananing'inia, chakula cha mjini hakitoshi, watu wanakanyaga baiskeli hadi mashambani kutafuta mchele na viazi. Siku moja Honda, akiwa kwa rafiki yake, aliona injini ndogo iliyokuwa ya jenereta ya redio za jeshi. Vita imeisha, redio hazina kazi, injini nazo zimerundikwa tu.

Wengine waliona jenereta bila redio. Yeye aliona baiskeli inayojiendesha.

Akaichukua. Tanki la mafuta hakuwa nalo. Nyumbani kulikuwa na chupa la maji moto, lile Wajapani huweka kitandani wakati wa baridi kupasha miguu. Hilo ndilo likawa tanki. Kwanza alifunga injini mbele, chini ya usukani, ikisukuma gurudumu la mbele kwa kulisugua. Haikufaa, tairi liliteseka. Akahamisha nguvu nyuma kwa mkanda. Hiyo ikakubali.

Hapo kuna somo la bure. Pikipiki ndogo ya kuunda haihitaji maajabu, inahitaji njia nzuri ya kufikisha nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Kama injini ni ya pampu, weka gia ndogo kwenye injini na gia kubwa kwenye gurudumu. Mbele meno 10 na nyuma meno 60, basi injini inazunguka mara 6 gurudumu likizunguka mara 1. Kasi inashuka, nguvu inapanda, na kilima kinapandika. Katikati weka klachi ile inayojishika yenyewe injini ikiongeza kasi, ili pikipiki isikuruke unapowasha. Fremu na cheni unaweza kuokota kwenye baiskeli kuukuu. Lakini chupa la maji la Honda usiige. Lilikuwa jaribio tu. Petroli ndani ya chupa ya soda juu ya injini ya moto ni kuomba msiba. Tanki la pampu yenyewe lipo, lisafishe, litumie.

Mke wa fundi ndiye aliyepitisha kazi

Sasa fika kwenye sehemu tunayoipenda zaidi.

Pikipiki ilipokuwa tayari, Honda hakuipeleka kwa mbogi yake wakaisifu. Alimpa Sachi. Akamwambia aijaribu mjini. Baadaye katika maisha Honda alipenda kueleza kwamba aliiunda kwa huruma, hakuvumilia kumwona mkewe akikanyaga baiskeli kutafuta chakula. Sachi alipoulizwa alicheka kidogo. Kwa maoni yake hiyo hadithi iliongezwa utamu baadaye. Anachoamini yeye ni kwamba mumewe alitaka kujua kama mwanamke anaweza kuiendesha.

Vyovyote vile, Sachi alivaa suruali yake nzuri, maana alijua watu watamtazama, akapita barabara kuu ya Hamamatsu injini ikilia. Aliporudi, suruali ilikuwa imeharibika kwa mafuta. Kabureta ilikuwa inatema. Akamwambia mumewe wazi kwamba kitu hiki hakiuziki hivi, wateja watarudi kugomba.

Honda alikuwa mtu wa hasira, wafanyakazi wake walimwogopa. Kwa kawaida angemnyamazisha. Siku hiyo hakumbishia. Alikaa akafikiri, akakubali huenda ana haki. Akarudi karakanani, akarekebisha mafuta yasiruke tena, ndipo akaanza kuuza.

Unakumbuka ule mhuri wa shule? Ulifanya kazi kwa jina lake, ukakataa kwa wenzake. Safari hii alihakikisha kitu kinafanya kazi kwa mtu mwingine kabla ya kukitoa nje. Ukituuliza sisi, injini ya jeshi mtu yeyote angeweza kuiokota. Wengi waliziona. Kilichomtofautisha ni kwamba aliyeloweshwa mafuta alipolalamika, fundi alisikiza.

Bata bata, halafu dunia nzima

Injini za jeshi zilikuwa kama 500 hivi, na ziliisha haraka. Petroli ilikuwa haba, wakawa wanachanganya na mafuta ya msonobari, harufu na moshi kila mahali. Mwaka 1947 Honda akatoa injini yake mwenyewe, ndogo ya sisi 50, wakaiita aina ya A. Watu waliita baiskeli hiyo bata bata. Usicheke, kwa Kijapani si yule bata wa bwawani, ni mlio tu wa injini.

Tarehe 24 Septemba 1948 kampuni ya Honda Motor iliandikishwa ikiwa na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata alikuja Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na biashara. Honda akashika spana, Fujisawa akashika daftari. Kama wewe ni mkali wa kuchomelea lakini pesa inakutoka kama maji kwenye kikapu, tafuta Fujisawa wako mapema.

Mwaka 1954, kampuni ikiwa na madeni mengi, Honda alitangaza kwamba wataenda kushindana kwenye mbio za Isle of Man. Watu walimwona amechizi. Walifika mwaka 1959. Mwaka 1961 wakashinda sisi 125 na sisi 250, na nafasi tano za kwanza zote kwenye mbio zote mbili zilikuwa za Honda.

Mwaka 1958 ilitoka Super Cub, pikipiki ndogo yenye klachi ya kujishika, ili kijana anayepeleka chakula aendeshe kwa mkono mmoja na mwingine ubebe sinia. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wametengeneza milioni 100.

Na wewe wa pikipiki ndogo, hii ni yako kabisa: mwaka 1961 Honda walichukua injini ya Cub ya sisi 49, wakaipandisha kwenye kifremu kifupi chenye magurudumu ya inchi 5, iwe ya watoto kuchezea kwenye bustani ya burudani ya Tama Tech. Mtu mzima akiipanda magoti yanatokeza kama ya nyani, na jina Monkey likabaki hapo. Kwa hivyo ukichekwa mtaani kwamba unaunda kitoto cha pikipiki, waambie kampuni kubwa ilikifanya kwanza.

Mazishi bila foleni

Honda alistaafu mwaka 1973, siku moja na Fujisawa. Hakuwarithisha watoto wake kampuni. Alianza kuzunguka Japani nzima kuwashukuru wafanyakazi na wauzaji wake ana kwa ana, hadi vigereji vidogo vya watu wachache. Mwaka 1989 akawa Mjapani wa kwanza kuingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Magari kule Marekani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa makovu ya nyundo na mashine, na hakuuficha.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Aliacha usia kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa. Sababu? Mtu aliyeishi kwa kuuza magari hafai kusababisha foleni barabarani siku ya kuzikwa. Wakafanya mikutano ya shukrani tu.

Basi rudi kwa hiyo pampu, mwanangu. Fukuza kuku. Fungua kabureta, osha, angalia plagi kama inatoa cheche. Breki kwanza, gia pili, rangi mwisho kabisa. Vaa helmeti. Usiitoe barabara kuu, maana haina namba wala bima na askari hataki kusikia habari za Japani. Kuna uwanja na njia za shambani, zinatosha.

Na ikiwaka, usikimbie kwa mabeshte wakupigie makofi. Ipeleke kwa mathe, ama yeyote pale nyumbani anayechota maji mbali. Mwambie aiangalie, aiguse, aseme ukweli. Akikuambia inatema mafuta kwenye leso yake, usimbishie. Shika spana urudi chini.